Kurudi mezani: mwongozo wa kujenga mazoea katika kazi ya sanaa

Kuna riwaya niliyoitangaza kabla sijaiandika. Niliipangia tarehe ya kumalizika, nikaipangia sura 24, nikaibandika ratiba yake ukutani. Wiki ya kwanza niliandika kama mtu anayefukuzwa. Wiki ya pili siku tatu zikanipita. Kuanzia wiki ya tatu, kila nikiitazama ile karatasi sikuwa naona hadithi tena, nilikuwa nahesabu deni. Tarehe ilipofika nilikuwa na sura tatu, na sikutaka hata kulisikia jina la mhusika wangu mkuu. Kilichoniokoa, mwaka mzima baadaye, ni dakika 25 za kila asubuhi ambazo sikumtangazia mtu.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye kazi ya ubunifu ambayo hakuna anayemsimamia: mwandishi, mchoraji, mtunzi wa nyimbo, mpiga picha, mchongaji, mshairi. Nauandika kwa sababu nimeona watu wenye vipaji kunizidi wakiacha, na wengi wao hawakuacha kwa kukosa kipaji wala muda. Walijipangia safari yenye kituo kimoja tu, cha mwisho, na kila siku ambayo hawajafika waliihesabu kuwa siku ya kushindwa. Nani atavumilia kushindwa siku mia tatu mfululizo?

Kwanza, lengo liwekwe mahali pake

Lengo lina kazi yake, nayo ni kukuonyesha upande wa kuelekea. Ukisema "nataka kuandika riwaya" umeshaamua kwamba leo hushiki gitaa wala brashi, na uamuzi huo si mdogo. Tatizo linaanza pale lengo linapopewa kazi ya pili, ya kukuamsha asubuhi. Kazi hiyo lengo haliiwezi. Liko mbali mno, na sehemu kubwa ya kile unachokitamani imo mikononi mwa watu wengine: mhariri, msikilizaji, mnunuzi, jopo la tuzo. Tena ukilifikia, sababu ya kukaa mezani inaondoka nalo.

Wahenga waliposema mazoea yana taabu walikuwa wanaonya kwamba ukishazoea jambo, kuliacha ni shida. Sisi taabu hiyohiyo ndiyo tunayoitafuta. Tunataka tufike mahali ambapo siku isiyo na kikao cha kazi inawasha, kama siku uliyosahau kupiga mswaki.

Hatua ya 1: Lipasue lengo

Chukua karatasi, andika lengo lako juu kama lilivyo. Chini yake piga mstari katikati. Upande mmoja andika yaliyo mkononi mwako, upande wa pili yasiyo mkononi mwako.

Tuseme lengo ni "diwani yangu ichapishwe". Upande wa yasiyo mkononi mwako kuna ladha ya mhariri, bajeti ya mchapishaji, idadi ya wasomaji, na bahati. Upande wako kuna kutunga beti, kuzisoma kwa sauti, kusahihisha mizani na vina, kusoma washairi wengine, kuandaa mswada, na kuupeleka. Sasa tazama upande wako tu na ujiulize: kati ya haya, lipi linaweza kufanyika leo, na kesho, na keshokutwa, bila kumsubiri mtu? Kwa mshairi karibu kila mara jibu ni kutunga au kusahihisha. Kupeleka mswada ni jambo la siku moja, halijengi mazoea.

Karatasi hiyo usiibandike ukutani. Itie kwenye droo. Utaitoa mara moja kwa miezi mitatu kuangalia kama bado unaelekea kule ulikotaka.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kidogo mpaka uone haya

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu anapoamua kubadilika huwa na nguvu, na akiwa na nguvu hujipangia kipimo cha mtu mwenye nguvu. Saa mbili kila siku. Maneno elfu moja. Mchoro mmoja kamili. Lakini mazoea hayajengwi na siku zako nzuri. Siku nzuri hazihitaji mpango wowote, maana unapopandwa na mzuka utaandika hata nyuma ya bahasha. Mazoea hujengwa na siku mbaya: umelala kwa saa nne tu, kichwa kinagonga, umegombana na mtu. Kipimo chako kipime kwa siku hiyo. Ukiona unaweza kukitimiza ukiwa katika hali ile, ni kipimo sahihi. Ukisita, kigawe kwa mbili, kisha ujiulize tena.

Vipimo viko vya aina tatu, na kila kimoja kina mahali pake.

Cha kwanza ni muda: dakika 20 za kukaa na kazi, liwe limetoka jambo au halikutoka. Hiki kinafaa unapoanza kazi mpya na hujui inakwenda wapi, na kinawafaa sana wanamuziki. Cha pili ni wingi: maneno 200, ubeti mmoja, michoro mitatu ya mkono kwa penseli. Hiki kinafaa ukishajua njia na kilichobaki ni kutembea. Kina hesabu ya kutia moyo pia. Maneno 200 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,000. Ukifanya hivyo kwa wiki 48 utakuwa na maneno 48,000, na hiyo ni riwaya fupi. Bandu bandu huisha gogo.

Cha tatu ninakiita mguso, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kazi yako ya leo ni kuigusa kazi: fungua faili, soma aya ya mwisho, badilisha neno moja. Toa gitaa kwenye mfuko, lirekebishe sauti, piga mlio mmoja wa wimbo unaoutunga. Ukitaka kuacha baada ya hapo, acha, na siku hiyo imehesabika. Kinaonekana kama mchezo wa watoto, lakini kina faida moja kubwa: kazi uliyoigusa jana haikutishi leo. Kazi uliyoiacha wiki tatu inakuwa kama ndugu uliyemkosea, kila siku inayopita inaongeza uzito wa kumpigia simu.

Kipimo hicho kiwe sakafu, kisiwe dari. Ukiwa na nguvu, endelea. Ila kesho usikipandishe kwa sababu jana ulikizidi.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwajiriwa wa posta. Alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, na nusu saa ya mwanzo akiitumia kusoma aliyoyaandika jana. Baadaye ndipo alipokwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Wanaousikia mfano huu hukimbilia kuiga yale maneno 250, wanashindwa siku ya nne. Mtu aliyeyazoea kwa miaka si kipimo cha anayeanza. Chukua kwake mpangilio: saa ileile, meza ileile, kuanza kwa kusoma ya jana. Idadi iwe yako.

Hatua ya 3: Kifunge kikao chako kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

"Nitaandika nikipata nafasi" ni ahadi isiyo na mlango. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amechunguza kwa miaka mingi tofauti kati ya kukusudia tu na kukusudia kwa kutaja lini na wapi, na andiko lake la mwaka 1999 kuhusu jambo hilo linarejewa mpaka leo. Mpango wake una umbo jepesi: likitokea lile, nitafanya hili.

Kwa hiyo andika sentensi yako moja. "Nikishaoga asubuhi, nitakaa kwenye kiti cha dirishani na daftari." "Nikishamlaza mtoto, nitachukua penseli kabla ya simu." Lile jambo la kwanza liwe la hakika, linalotokea kila siku hata usipolipanga. Usifunge kikao kwenye hisia ("nikituliza akili") wala kwenye saa ambayo mara nyingi huwa njiani.

Mahali nako kuwe kulekule. Si lazima kuwe na chumba. Kona ya meza inatosha, mradi ukikaa hapo mwili uelewe kinachofuata.

Hatua ya 4: Tayarisha jana yake

Hii ni fupi. Usiku, kabla ya kulala, weka kila kitu mahali pake: daftari liwe wazi kwenye ukurasa, kalamu juu yake, gitaa liwe kwenye stendi badala ya kabatini, rangi ziwe zimefunguliwa vifuniko vilivyokauka. Kamera iwe na chaji. Simu ilale chumba kingine. Kila kizuizi ulichokiondoa usiku ni hoja moja uliyoinyang'anya ile sauti ya asubuhi inayosema "leo tupumzike".

Hatua ya 5: Simama ukiwa bado na la kusema

Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alisimulia kwamba alikuwa akiacha kuandika pale anapojua kitakachofuata, ili kesho asianze na kisima kitupu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililiona kinyume na akili. Ukiwa umechangamka, si ndio uendelee? Nikalijaribu kwa wiki mbili, na sijaliacha tangu siku hiyo.

Fikiria jinsi vikao vyetu vinavyoisha kwa kawaida. Tunaandika mpaka tunakwama, kisha tunafunga. Maana yake kila kikao kipya kinaanza mahali palepale tulipokwama jana, na kumbukumbu ya mwisho tuliyonayo ya kazi ni ya kushindwa. Haishangazi kwamba mtu anaikwepa meza. Ukisimama katikati ya sentensi unayoijua, kesho unaikamilisha tu, na ukishaikamilisha umeshaingia.

Namna ya kufanya: dakika mbili kabla ya muda kwisha, acha unachofanya na andika mstari mmoja chini ya ukurasa, unaoanza na neno "Kesho". "Kesho: mama anaifungua barua, lakini haisomi." "Kesho: kivuli cha upande wa kushoto, jaribu bluu." "Kesho: ubeti wa tatu, kina cha kati kibadilike." Mtunzi wa muziki anaweza kujirekodi kwa simu akiimba kipande kinachofuata, hata kwa sauti mbaya. Kisha ondoka.

Siku za mwanzo utaumia kuondoka ukiwa na hamu. Maumivu hayo ndiyo yatakayokurudisha.

Hatua ya 6: Weka alama, ila alama ya kuhudhuria tu

Kalenda ya kawaida na kalamu vinatosha. Ukikaa, weka alama. Usiandike maneno mangapi, wala usijipe maksi za ubora. Ukianza kupima ubora wa kila siku utarudi kulekule kwenye deni, maana siku nyingi za kazi ya sanaa zinatoa vitu vya kawaida kabisa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mchongaji hahesabu kila bamba la mti lililoanguka kuwa hasara.

Na naomba sana: usiwatangazie watu. Ukishasema "naandika kitabu" na watu wakakupongeza, sehemu ya malipo umeshaipokea kabla ya kazi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, au usimwambie yeyote. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Hatua ya 7: Jifunze kurudi

Utakosa siku. Naandika hili kwa uhakika kuliko jambo lolote lingine hapa. Utaumwa, utasafiri, utafiwa, au utaamka tu siku moja huna hamu na hutakaa. Mazoea yako yatapimwa kwa namna utakavyorudi.

Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua tabia moja ndogo ya kila siku, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kufikia kiwango cha kufanyika yenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo yale maneno ya "siku 21 umeshazoea" yaweke pembeni. Ukifika wiki ya nne na bado unajikokota, huna kasoro yoyote. Jambo la pili waliloliona ndilo linalonigusa zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia.

Siku moja haina madhara. Kinachoharibu ni maneno tunayojiambia usiku wa siku hiyo. "Nilijua tu." "Mimi si mtu wa kumaliza mambo." Maneno hayo yanaifanya siku moja iwe wiki, na wiki iwe mwaka. Basi jiandalie mapema utakavyorudi, ukiwa bado na utulivu.

Ukikosa siku moja, kesho yake fanya kipimo cha kawaida. Usilipe cha jana. Kikao cha jana kimekufa, kizike. Anayejaribu kulipa maneno 400 badala ya 200 anajitengenezea sababu ya kukosa tena.

Ukikosa wiki, rudi kwa mguso kwa siku tatu. Soma tu ulichonacho, tengeneza neno moja hapa na pale. Siku ya nne ndipo urudi kwenye kipimo.

Ukikosa miezi, na hili hutokea hasa baada ya ugonjwa au msiba, usianze na kazi ile kubwa. Chukua daftari jipya na uandike au uchore kitu kisicho na maana yoyote kwa wiki moja, kwenye kiti kilekile na saa ileile. Unarudisha kiti kwanza, kazi itakuja baadaye.

Kama haiwezekani kila siku

Wapo wanaofanya kazi za zamu, wapo wanaolea watoto wachanga, wapo wanaouguza. Kuwaambia "kila siku" ni kuwafukuza. Mdundo unaweza kuwa wa wiki. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alipoanza kazi katika mji wa Leipzig mwaka 1723, katika miaka yake ya mwanzo huko alitunga kantata mpya (utungo wa waimbaji na ala za muziki) karibu kila wiki kwa ajili ya ibada, na bado alikuwa na wanafunzi wa kufundisha na familia kubwa. Jumapili ilikuja awe na mzuka au asiwe nao. Ukiweza Jumamosi alfajiri tu, basi Jumamosi alfajiri iwe na heshima ya miadi ya daktari. Na hesabu zako zote (kukosa mara moja, mara mbili) zifuate mdundo huo badala ya siku.

Kuwa na ajira nyingine hakukuzuii. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, akianzia forodhani, na Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1988, naye alikuwa mwajiriwa wa serikali hadi kustaafu. Vitabu vyao viliandikwa na watu waliokuwa na ofisi ya kwenda.

Mazoea yanaweza kulala

Kuna hatari ambayo watetezi wa mazoea hawaisemi vya kutosha. Mtu anaweza kukaa mezani kila siku kwa miaka mitano na asisogee. Anapiga nyimbo zilezile anazoziweza. Anachora nyuso za upande uleule kwa sababu upande wa pili unamshinda. Kalenda imejaa alama, mkono umesinzia.

Dawa yake ni kikao kimoja kwa wiki ambacho hakitoi kitu kipya. Kiite ukaguzi. Soma au sikiliza ulichofanya wiki nzima, kwa sauti kama ni maandishi, kutoka mbali kama ni picha. Kisha jibu kwa maandishi maswali mawili tu: wapi nilikuwa hai, na wapi nilikwepa? Jibu la swali la pili ndilo zoezi la wiki ijayo. Kama ulikwepa mazungumzo ya wahusika kwa sababu yanakusumbua, wiki ijayo kila kikao kianze na mistari mitano ya mazungumzo. Nakuhakikishia hutaipenda wiki hiyo.

Mtu akikupa tarehe

Wakati mwingine tarehe haiepukiki: mteja anasubiri, onyesho lina siku yake. Usiyavunje mazoea kwa ajili yake. Hesabu vikao vilivyobaki badala ya siku zilizobaki, toa robo kwa ajili ya dharura, kisha ugawe kazi kwa vilivyobaki. Ukiona fungu la kila kikao ni kubwa mno, una habari hiyo mapema, na bado kuna muda wa kuomba kazi ipunguzwe au tarehe isogezwe. Anayetegemea mbio za usiku wa mwisho huipata habari hiyo usiku wa mwisho.

Siku utakayomaliza

Itafika. Utaandika neno la mwisho, au utaweka sahihi kwenye kona ya picha. Furahi, mwite mtu, lala mchana kama unataka. Kisha usiku huo fanya kile ulichokifanya usiku wote uliotangulia: fungua daftari ukurasa mpya, weka kalamu juu yake, na uandike mstari mmoja unaoanza na "Kesho". Trollope alipomaliza riwaya moja, siku iliyofuata alianza nyingine. Wewe huhitaji kuanza nyingine. Keti tu kwenye kile kiti saa ileile, dakika zako ni zilezile, na uone ni nini kinakuja.